Kliniki ya macho Mbeya mjini, kwa mjamzito mwenye sukari: nawapa nyota 4

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Jina la kliniki silitaji hapa kwa sababu nina malalamiko yangu na sitaki kumharibia mtu kazi hadharani, anayelihitaji aje inboksi nitampa na jinsi ya kufika.

Aliyetibiwa ni wifi yangu wa Tukuyu. Ana sukari aina ya pili tangu kabla ya kubeba mimba, na alipoanza kliniki ya wajawazito nesi akamuuliza macho umepima lini mama, akajibu sijawahi. Hapo hapo akaandikiwa karatasi akapime mapema, asisubiri tumbo liwe kubwa. Huyo nesi Mungu ambariki, maana wengi wanapimwa uzito, presha na mkojo alafu basi, jicho halikumbukwi.

Kabla ya kuja kwangu alishapita duka moja la miwani, wakamsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akasoma, wakamtajia bei ya miwani. Hawakuuliza mimba, hawakuuliza sukari. Sasa jamani, sukari ikipanda na kushuka lenzi ya jicho nayo inabadilika, na ujauzito wenyewe unabadilisha kioo cha mbele cha jicho, kwa hiyo namba ya miwani unayopewa leo inaweza isikufae ukishajifungua. Kliniki hii tuliyoenda daktari alimwambia wazi, miwani tuache kwanza, ujifungue, sukari itulie, ndo tupime. Mtu wa biashara ya macho anayekwambia usinunue sasa hivi, mi huyo namwamini.

Na kipimo chenyewe ndo kilichonifanya niandike. Ubao wa herufi walianza nao lakini hawakuishia hapo, kwa sababu mtu anaweza kusoma mpaka mstari wa chini kabisa na huku mishipa ya nyuma ya jicho imeshaanza kuharibika, mwanzoni haiumi wala haipunguzi kuona. Wakamwekea matone ya kutanua mboni. Wifi aliogopa, mama mkwe alishamwambia mjamzito hawekwi dawa machoni, na daktari hakumkaripia hata kidogo, akamweleza kwamba matone ni machache na faida yake kwa mtu mwenye sukari ni kubwa, alafu akamwonyesha abonyeze kidole kwenye kona ya jicho karibu na pua kwa muda, ili dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Tukasubiri mboni zifunguke, akaweka kidevu kwenye mashine, wakamulika, wakapiga na picha.

Ile picha walituwekea kwenye skrini. Nyuma ya jicho ni pekundu-chungwa na mishipa imetawanyika, na daktari akasema hapa ndo mahali mwilini unaweza kuitazama mishipa ya damu kwa macho bila kumchana mtu. Sukari ikikaa juu muda mrefu inachosha kuta za vile vimishipa vidogo kabisa, vinatoa vivimbe vidogo kama nukta, vinavuja damu na mafuta, vingine vinaziba. Alivyoeleza mi nikapata picha ya mpira wa kumwagilia bustani uliochoka, maji yanatoka pembeni kabla hayajafika kwenye mche. Sehemu iliyokosa damu inaomba msaada, jicho linaotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ndo hatari yenyewe kwa sababu ni dhaifu, inapasuka damu inamwagika ndani ya jicho, au inavuta retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mpaka inabanduka.

Nikauliza mimba inaingiaje hapo. Akasema mjamzito damu yake inaongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, homoni zinabadilika, presha inaweza kupanda, na vyote hivyo vinasukuma mishipa ambayo tayari imechoka. Alafu kuna jambo ambalo mi sikuwahi kulisikia popote, kwamba sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa haraka, macho yaliyokwisha kuathirika yanaweza kuzidi kwa muda. Na mjamzito lazima ashushe, wifi amepewa malengo ya chini ya 5.3 mmol/L asubuhi kabla hajala na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula, maana mtoto tumboni naye anapata shida sukari ikiwa juu. Daktari akasisitiza sana kwamba hii haina maana uache insulini au usishushe sukari kwa kuogopa macho, la hasha, maana yake ni kwamba unaposhusha kuwe na mtu anayeangalia macho yako. Ndo sababu mwenye sukari ya kabla ya mimba anatakiwa aangaliwe mwanzoni, arudi tena mimba inavyoendelea kadiri daktari atakavyoona, na akishajifungua aendelee kufuatiliwa mpaka kama mwaka mzima.

Wifi wamemkuta na nukta chache tu, hatua ya mwanzo, hakuna cha kutibu kwa sasa zaidi ya sukari na presha. Nikauliza je ikizidi, akasema leza inapigwa hata mtu akiwa mjamzito, bali sindano za dawa zinazochomwa ndani ya jicho wanazikwepa kipindi cha mimba. Yaani alijibu kila swali, hakuwa na haraka, na wifi alipomsalimia kwa Kinyakyusa akaitika.

Pale kwenye benchi tulikaa na dada mmoja wa Mbalizi naye mjamzito, amekuja na hofu kubwa kwamba atapofuka. Kumbe yake ni sukari ya mimba, imeanza humo humo, kaigundua kwenye kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 kinachofanywa wiki ya 24 hadi 28, unatolewa damu kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Yeye alielezwa kwamba sukari iliyoanza na mimba kwa kawaida haina muda wa kuharibu jicho, na wala halazimiki kufuata ratiba ile ya wifi, ila akijifungua apime sukari tena kati ya wiki 6 na 12 na aendelee kupima miaka inayofuata, kwa sababu wanawake waliopata sukari ya mimba wanakuwa kwenye hatari kubwa ya kuja kupata aina ya pili, na hiyo ndo inakula macho polepole. Alitoka anatabasamu. Nimependa kwamba hawakumuuzia kipimo asichokihitaji.

Jambo lingine walilosema na kila mama mjamzito alishike, hata asiye na sukari: ukianza kuona ukungu, vimulimuli au giza, na kichwa kinauma sana au unavimba uso na mikono, usije kliniki ya macho, nenda moja kwa moja wodi ya wazazi wakupime presha, hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja. Na mwenye sukari akiona vitu vyeusi vinaelea ghafla au pazia linashuka upande mmoja wa jicho, hapo arudi kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Sasa nyota niliyobana. Chumba cha daktari kipo juu na ngazi zake ni kali, mjamzito mwenye tumbo la miezi minane anapandaje pale, na kushuka ni kubaya zaidi maana mboni zimetanuliwa haoni vizuri anapokanyaga. Foleni ndefu na hawamtangulizi mjamzito, tumekaa mpaka mchana, na mtu anayetumia insulini hawezi kukaa na njaa hivyo, pale jirani hakuna chochote zaidi ya soda na keki. Nilimwambia dada wa mapokezi, akasikiliza kwa heshima lakini foleni ikabaki ile ile. Na majibu wameandika kwa vifupisho ambavyo nesi wa kliniki ya wajawazito alishindwa kuvisoma, ikabidi apige simu. Wangeandika mistari miwili ya Kiswahili, mama huyu macho yake yapo hatua hii, arudi mwezi huu, ingetosha kabisa. Picha nayo hawakupi mpaka uombe, ombeni, mi niliipiga kwa simu kwenye skrini kwa ruhusa yao ili tuje kulinganisha.

Gharama kwa ujumla, kumuona daktari, matone na picha, hatukufika elfu hamsini, tulilipa kesho yake kwa sababu mtandao wa malipo ulikuwa chini siku ile, wala hatukusumbuliwa. Bima waulizeni wenyewe kabla, sisi tulilipa wenyewe.

Wanaokuja kutoka Tukuyu, Kyela au Chunya pandeni gari la mapema. Beba kadi ya kliniki, daftari la sukari na dawa zako zote, daktari anazitaka. Beba chakula, sisi tulikuwa na viazi vya kuchemsha na parachichi, na mashine ya kupimia sukari iwe kwenye mkoba. Kofia au miwani ya jua ni lazima, jua la hapa ukitoka na mboni zimefunguka linaumiza, na simu hutaweza kuisoma kwa masaa kadhaa kwa hiyo nauli na namba za watu mpe unayeongozana naye. Usiende peke yako.