Harusi ya ufukweni Zanzibar: Kendwa, Nakupenda, Michamvi na Paje kwa kipimo cha maji

Wachumba wengi siku hizi wanakataa ukumbi wa watu mia nne na meza kuu iliyoinuliwa kama jukwaa la mkutano. Wanataka watu thelathini, mchanga, na jua likizama. Ni chaguo zuri, na Unguja ina fukwe za kulibeba. Tatizo ni kwamba wengi huchagua tarehe kwa kuangalia likizo za kazini, kisha wanamwachia mpambaji mengine yote. Mpambaji hana mamlaka juu ya bahari. Tathmini hii inapima sehemu nne kwa kitu kinachoamua harusi ya ufukweni kabla ya maua na keki: maji yatakuwa wapi saa ile.

Hesabu yenyewe ni rahisi ukifuata mwezi, kama wavuvi wanavyofanya. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja maji ya bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Wiki moja baadaye, yaani karibu tarehe 8 au 22 ya mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: yanajaa kidogo tu asubuhi, na jioni yako chini bila kwenda mbali. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kalenda ya Kiislamu ya ukutani inatosha kupanga miezi sita mbele. Wiki ya harusi hakikisheni kwa jedwali la bandari la kujaa na kupwa kwa maji.

Kendwa ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi. Inatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini mbele ya wageni: karibu saa kumi na mbili na robo mwezi Juni, karibu saa moja kasorobo mwezi Februari. Maji hayatoweki yakipwa, na wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, kisiwa chenyewe kinakinga upepo. Kasoro yake ni mchanga kuwa mwembamba bamvua likijaa. Hapo ndipo viti huloa: mafundi wanavipanga saa nane mchana wakiona ufukwe mpana, na saa kumi na nusu mawimbi yako miguuni. Mstari wa mwani mkavu unaonyesha maji ya mwisho yalifika wapi, lakini usiuamini siku ambazo bamvua bado linakua, kwa sababu maji ya leo yatapita ya jana. Pangeni safu ya mbele mita tatu au nne juu ya mstari huo. Pia ulizeni tarehe ya sherehe ya mwezi mpevu ya hoteli ya Kendwa Rocks. Jumamosi hiyo spika zenu hazitasikika.

Nakupenda, fungu la mchanga mbele ya Mji Mkongwe, ni dakika 20 hadi 30 kwa boti. Jina peke yake limeshawashawishi nusu ya wachumba, na picha zake hazina mfano. Ila fungu hili humezwa na maji. Harusi ya jioni siku ya bamvua haiwezekani pale, kwa sababu saa kumi ndipo bahari imejaa kabisa. Chagueni maji mafu: jioni mchanga uko wazi, na watalii wa mchana wameanza kurudi mjini. Hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna meza. Kila kitu kinapandishwa botini na kushushwa kwa mikono. Boti ya kawaida ibebe watu wanane hadi kumi wenye maboya, hivyo wageni 25 ni boti tatu, na ya nne ni ya viti na chakula. Kupanda ni kwa kukanyaga maji hadi gotini. Bibi mwenye magoti mabovu abebwe kitini na vijana wawili waliopangwa mapema, asiachwe kuamua mwenyewe mbele ya watu. Zaidi ya watu 25, msiende. Na kwa kuwa huku giza huingia ndani ya dakika ishirini na tano baada ya jua kuzama, boti ya kwanza ya kurudi iondoke jua likigusa maji.

Michamvi ina pande mbili zinazochanganywa sana. Pingwe iko mashariki, na hapo ndipo ulipo mgahawa wa The Rock juu ya mwamba. Maji yakijaa unafika kwa boti. Yakipwa unatembea juu ya mawe na mwani, na miba ya urumba (mnyama wa baharini mwenye miba mwili mzima) haijali kiatu cha harusi. Ni pahali pa picha na chakula cha watu wachache; kwa kula kiapo pamebana. Ng'ambo ya rasi, Kae, inatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka. Jua linazama mbele yenu, maji ni tulivu, kelele ni chache. Kwa wachumba wasiopenda kutazamwa na wapita njia, Kae inaipita Kendwa.

Paje na jirani yake Jambiani, pwani ya mashariki, hudharauliwa kwa sababu jua linazama nyuma ya minazi, na maji yakipwa bahari inakuwa mbali sana. Lakini chagueni siku ya mwezi mpevu. Saa kumi na nusu maji yako karibu na miguu, mnaapa. Karibu na wakati wa magharibi, jua likizama, mwezi unapanda kutoka baharini, mwekundu, mbele ya wageni wote. Hakuna mpambaji anayeuza taa ya namna hiyo. Ikifika saa tatu usiku bahari imeondoka, na mchanga mgumu uliobaki ni uwanja mzuri wa kucheza. Wanaojijua ni watu wa usiku kuliko watu wa machweo wasiangalie kwingine. Epukeni miezi ya upepo mkali, kusi na kaskazi, ambayo wachezaji wa kaiti (tiara ya kuteleza majini) wanaifuata Paje.

Upepo ndio unaoangusha mapambo. Upinde wenye pazia kubwa la shifoni ni tanga: ukijaa upepo unang'oa nguzo. Fukieni miguu sentimita 60 hadi 70, mwagieni maji mchanga kabla ya kushindilia, na wekeni kila mguu gunia la mchanga la kilo 20 au zaidi. Pazia liwe vipande viwili vyembamba vyenye nafasi katikati. Mishumaa ikae ndani ya vioo virefu, au tumieni kandili. Mikrofoni ndogo ya kubana nguoni hunasa upepo tu. Chukueni ya mkononi yenye sponji nene. Spika zikae upande unakotoka upepo, sauti ipelekwe kwa wageni. Kwa spika mbili za wati 500, jenereta ya kVA 3 inatosha, iwekwe mita 30 upande upepo unakokwenda. Asiichomeke mtu wa chakula friji yake humo.

Maua ya waridi kutoka bara hunyauka kwa chumvi na joto kabla ya kiapo. Asumini, langilangi na rihani vinapatikana hapa hapa, na kikuba kilichofungwa asubuhi kinanukia hadi usiku. Keki ya krimu ya siagi itolewe ndani robo saa kabla ya kukatwa, si mapema zaidi.

Kuhusu cheti: Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Wachumba wa bara wanaotaka ndoa ya serikali tunawashauri wamalize bomani kwanza, ambako taarifa hutolewa siku 21 kabla, kisha waje kisiwani kwa kiapo chao na karamu. Ramadhani isogezwe kando kabisa. Kula na kunywa hadharani mchana ni kuwavunjia heshima wenyeji, na mwezi huo unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka.

Kwenye kadi andikeni saa ya boti au ya basi, wala msiandike saa ya kiapo. Kendwa na Paje ni zaidi ya saa moja kwa gari kutoka mjini, na mgeni akichelewa nusu saa mnaweza kumsubiri. Maji hayatamsubiri.