TAHADHARI: Hoteli ni ya kweli, anayekuuzia chumba ndiye tapeli

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili wiki mbili kabla ya kuliandika, maana siku zile za mwanzo ningeandika matusi tu. Kama una safari ya kwenda jiji kubwa na unatafuta chumba kwenye hoteli yenye jina linalojulikana, zile zenye matawi kila mahali, tafadhali soma haya kabla hujamtajia mtu namba ya kadi yako. Na kama unamtafutia mzazi wako, soma mara mbili.

Mama alikuwa na miadi ya upasuaji wa macho. Haoni vizuri, ngazi zinamtisha, na usiku huamka mara kwa mara. Nikasema safari hii sitaki kubahatisha. Nikachagua hoteli yenye jina kubwa kwa sababu nilijua nitakuta lifti, mapokezi yenye mtu usiku kucha, na chumba cha aina ile ile niliyowahi kulala kwingine. Tawi nililolitaka liko jirani na hospitali, mwendo wa miguu hata kwa mtu anayeshikwa mkono. Ukaribu huo ndio niliokuwa naulipia.

Nikaandika kwenye intaneti jina la hoteli na jina la mtaa. Matokeo ya kwanza kabisa, juu ya yote, yalikuwa na jina la hoteli ndani ya anwani ya tovuti, picha za jengo lenyewe, rangi zao, na namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni ya kuhifadhi vyumba. Nikapiga. Binti aliyepokea alikuwa na sauti nzuri na adabu. Akataja jina la hoteli, akaniuliza tarehe, akaniambia vyumba vilivyobaki ni viwili na mtu mwingine yuko kwenye laini anaulizia. Nikaogopa kukosa. Nikamsomea kadi yote, mbele na nyuma.

Leo nikiyakumbuka mazungumzo yale, naona kwamba hakuwahi hata mara moja kusema "sisi ndio hoteli". Alisema "karibu kitengo cha kuhifadhi vyumba", kisha jina la hoteli likafuata. Mimi ndiye niliyeunganisha. Wamejifunza kusema maneno ambayo hutaweza kuwashika nayo baadaye.

Tulifika jioni. Kijana wa mapokezi akatafuta jina langu, akatafuta la mama, akatafuta namba ya uthibitisho niliyotumiwa. Akaniambia kwa upole, "Dada, namba hii si ya kwetu." Akapiga simu mbili tatu ndipo ukweli ukajulikana: chumba kipo, lakini kwenye tawi jingine lenye jina lile lile, kule uwanja wa ndege, upande wa pili wa jiji. Na bei waliyolipwa wale wa tawi lile ilikuwa ndogo kuliko niliyokatwa mimi. Tofauti ilikuwa imebaki kwa "kitengo", kwa jina la ada ya huduma, ada ambayo barua pepe yao, chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu, inasema hairudishwi. Chumba chenyewe nacho hakirudishwi.

Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku pale ukumbini, mkoba wa dawa mapajani, ananisikiliza nikibishana. Hakusema kitu. Mpaka sasa hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa. Nikalipa chumba kingine pale pale kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo nimelipa mara mbili, na mara ya pili kwa hiari yangu, kwa sababu upasuaji ulikuwa asubuhi.

Nilipopiga namba ile tena, yule binti mwenye adabu hakuwepo. Kila aliyepokea alisoma sentensi moja: masharti niliyakubali.

Kumbe mchezo huu ni wa zamani. Nchini Marekani, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilifikia makubaliano mwaka 2017 na kampuni moja ya kuuza vyumba mtandaoni iliyokuwa ikiwafanya watu waamini wanazungumza na hoteli yenyewe. Kampuni za namna hii hulipia matangazo ili zitokee juu ya tovuti ya hoteli yenyewe. Yaani wewe unatafuta hoteli kwa jina lake kamili, na bado wa kwanza kukutana naye ni dalali. Nao si lazima wawe wezi wa kutoroka na pesa yote. Chumba wanakununulia kweli, ila wanakuuzia ulichoomba nusunusu, kwa bei yao, kwa masharti yao, na ukilalamika, hoteli inasema hukununua kwetu na wao wanasema tulikuhudumia.

Sasa jinsi ya kuwatambua. Angalia anwani ya tovuti, na usidanganywe na mwanzo wake. Neno la hoteli likikaa mwanzoni halafu ikaja nukta na neno jingine kabla ya ile ".com", mwenye tovuti ni huyo wa neno la mwisho, huyo aliyekaa mlangoni pa ".com". Jina la hoteli hapo ni pambo tu, mtu yeyote anaweza kuliweka. Vilevile jina la hoteli likiunganishwa kwa kistari na neno la "uhifadhi" au "vyumba", shuku.

Simu nayo ina dawa yake. Usichukue namba kutoka kwenye tangazo. Ingia tovuti rasmi ya kampuni ya hoteli, fungua ukurasa wa tawi lenyewe, chukua namba iliyo pale. Na ukishapokelewa uliza swali ambalo mtu aliyeko kwenye jengo atalijibu bila kufikiri: mlango wa wageni unaangalia mtaa gani? Lifti iko kushoto au kulia ukiingia? Mtu wa mapokezi anainua macho tu, anakujibu. Wa kituo cha simu atakuweka kwenye muziki. Swali hilo peke yake lingeniokoa.

Ukishapewa namba ya uthibitisho, siku hiyo hiyo ifungue kwenye tovuti au programu ya kampuni ya hoteli. Isipofunguka, piga tawi uwaulize kama jina lako wanalo, kwa tarehe zipi, na kwa anwani ipi. Anwani, ndugu zangu, si jina. Jiji kubwa linaweza kuwa na matawi kumi ya jina moja, na mengine yanabeba jina la jiji huku yapo nje ya mji.

Nilipiga pia makao makuu ya kampuni yenye jina. Walinisikiliza vizuri, kisha wakaniambia kila tawi linajitegemea. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi hatulijui: kampuni kubwa kama Marriott, Hilton na IHG hazimiliki sehemu kubwa ya majengo yanayobeba majina yao. Jengo ni la mwekezaji mwingine, anayelipa ili atumie jina na taratibu, au anayeiajiri kampuni imwendeshee. Kwa hiyo ubao wa nje unakuhakikishia aina ya kitanda kuliko nani atakujibu mambo yakiharibika. Ukilalamika, andika kwa tawi na kwa makao makuu kwa pamoja, la sivyo kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzake.

Na tunaliamini jina kwa sababu, si kwa ujinga. Kemmons Wilson, aliyefungua hoteli ya kwanza ya Holiday Inn kule Memphis, Marekani, mwaka 1952, alianza baada ya safari ya kifamilia iliyomkera: nyumba za wageni za njiani zilimtoza nyongeza kwa kila mtoto, naye alikuwa na watano. Akaahidi kwamba watoto hawatatozwa, na kwamba chumba kitakuwa kile kile popote uendapo. Imani hiyo imejengwa kwa miaka mingi na watu waliofanya kazi kweli, na sasa tapeli anaivaa kama sare.

Yakaniishia? Hapana. Usiku wa pili, baada ya upasuaji, simu ya chumbani ililia saa saba usiku. Mama ndiye aliyepokea, jicho moja limefungwa. Nikamsikia anasema, "Subiri baba, niangalie mkoba." Nikaamka. Mtu upande wa pili alisema yeye ni wa mapokezi, kompyuta zao zimezima, anahitaji tusome tena namba ya kadi tusije tukasumbuliwa asubuhi. Nilichukua simu nikamwambia nashuka mwenyewe. Akakata. Chini kijana wa zamu akashangaa, hakuna aliyepiga. Mtu hupiga namba kuu ya hoteli, anaomba aunganishwe na chumba fulani, basi. Kwako simu inalia kama ya ndani. FTC imeshaonya juu ya ujanja huu, pamoja na ule wa karatasi za menyu ya chakula zinazosukumwa chini ya mlango, zenye namba ya mgahawa usiokuwepo. Kanuni yetu mimi na mama sasa ni moja: chumbani hakisomwi chochote cha kadi. Kuna tatizo, tunashuka.

Upande wa ujumbe ni hatari zaidi, kwa sababu unaweza kukujia kupitia njia halali kabisa. Mwaka 2018 matapeli waliwalaghai kwa simu wafanyakazi wa hoteli 40 katika Falme za Kiarabu, wakapata maneno ya siri ya mfumo wa Booking.com, mtandao wa kuhifadhi vyumba vya hoteli, na kuona taarifa za watu zaidi ya 4,000. Kadi za karibu watu 300 zilionekana. Mamlaka ya Uholanzi inayolinda taarifa binafsi ilitangaza mwaka 2021 kwamba imeitoza Booking.com faini ya euro 475,000 kwa kuchelewa kuiarifu juu ya tukio hilo. Mwaka 2023 yakarudi kwa sura nyingine: wahalifu wakiingia kwenye akaunti za hoteli na kuwaandikia wageni ndani ya mazungumzo yale yale ya programu, kwamba malipo hayajakamilika, bonyeza linki hii ndani ya saa chache. Jina lako sahihi, tarehe zako sahihi, hoteli yako sahihi.

Kwa hiyo mtu kujua habari zako si ushahidi wa chochote. Marriott ilitangaza Novemba 2018 kwamba mfumo wa kuhifadhi vyumba wa Starwood, kampuni ya hoteli ambayo Marriott iliinunua mwaka 2016, ulikuwa umeingiliwa tangu 2014. Namba za pasipoti zaidi ya milioni tano ambazo hazikufungwa kwa msimbo zilikuwa humo. Taarifa zetu zimeshazagaa. Ujumbe wowote wa kudai pesa, hata ukitoka ndani ya programu, piga tawi kwanza.

Nigusie amana kidogo, maana imenitesa ingawa si utapeli. Hoteli nyingi hizi huzuia kiasi fulani kwenye kadi unapoingia, kama dhamana. Haikatwi, inazuiwa, lakini kwako ni kitu kile kile: huwezi kuitumia. Kama kadi ni ile inayochukua moja kwa moja kwenye akaunti yako, inaweza kukaa siku kadhaa baada ya kuondoka kabla haijaachiwa. Mimi nilizuiwa pesa ya dawa za mama. Uliza kabla ya safari wanazuia kiasi gani na kwa siku ngapi. Uliza pia bei ya mwisho kabisa, pamoja na kila ada ya lazima. Marekani tangu tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni inayowalazimu kutangaza bei nzima, lakini usitegemee kila nchi iko hivyo. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale.

Kama umeshapigwa, usipoteze siku kubishana na wao kama nilivyopoteza mimi. Piga benki, funga kadi, sema unapinga malipo na eleza sababu kwa maneno mafupi: niliuziwa kitu kisicho nilichoagiza. Piga picha skrini tovuti yao kabla hawajaibadilisha, hifadhi barua pepe, andika saa uliyopiga simu. Mwombe mtu wa mapokezi akuandikie kwa barua pepe kwamba jina lako halikuwepo kwao. Kijana yule aliniandikia mistari mitatu tu, na benki imesema karatasi hiyo ndiyo iliyowafanya wafungue shauri.

Mpaka leo benki haijatoa uamuzi. Mama anaendelea vizuri, amerudi kusoma kwa miwani, na mwezi ujao tunarudi kwa daktari. Safari hii nimepiga tawi mwenyewe, aliyepokea akaniambia mlango uko mtaa gani kabla sijamaliza swali. Jibu la benki likija nitarudi kuliandika hapa hapa.