Modeli za magari na malori za kuunga: ipi ununue, na kwa nini nakagua matairi kwanza

Jamani meseji zimezidi, na karibu zote zinafanana. Mtu ananunua seti ya gari la plastiki la kuunga, boksi zuri, nailoni ya nje haijaguswa, anafungua anakuta tairi limeng'ang'ania kwenye kioo cha mbele, na akilibandua linaacha alama ya duara yenye mistari ile ile ya tairi. Kioo kimekufa kabla hata gundi haijafunguliwa. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa wewe ndo uliliacha juani. Siyo kweli, au tuseme siyo ukweli wote, na kwa kuwa kila mwongozo ninaoukuta unarukia idadi ya vipande na ugumu wa kuunga na kuliacha hili, mi nitaanza nalo. Kama roho yako iko kwenye Nissan Skyline nunua Skyline, hilo halihitaji ushauri wangu. Leo tunaongelea matairi na vioo, halafu ndo nitakwambia nani nampanga wa ngapi.

Iko hivi. Matairi mengi ya modeli, hasa za zamani, ni ya vinaili, yaani PVC. PVC kwa asili ni ngumu, ndo hiyo hiyo ya mabomba ya maji, ili iwe laini kama mpira wanaichanganya na kilainishi. Sasa kilainishi hakikai humo milele, kinatoka taratibu mwaka hadi mwaka, na kikigusana na polistairini, ambayo ndo plastiki ya bodi, rimu na vioo vya modeli, kinaingia ndani yake na kuilainisha hadi inayeyuka. Joto linaharakisha, na uzito unaharakisha pia, kwa hiyo boksi lililokaa stoo miaka chini ya maboksi mengine kumi, na tairi limebanwa juu ya kioo, hapo hakuna muujiza. Juani au kivulini kioo kitayeyuka tu, tofauti ni muda.

Kwa nini nalia na kioo na siyo bodi? Kwa sababu bodi ikiliwa unaweka puti, unapiga msasa, unapuliza rangi, hakuna atakayejua. Kioo hakina puti. Na kwenye gari kioo ndo uso wenyewe, mtu akishika modeli yako kitu cha kwanza anachungulia ndani, viti, usukani, dashibodi uliyokesha nayo. Kioo kikiwa na kovu kazi yote ya ndani imepotea.

Haiishii kwenye boksi pia. Ukishaunga, tairi linakaa limeikumbatia rimu miaka yote, na kama ni vinaili ya aina mbaya rimu inalika kwa ndani, siku unaligusa gari linakaa upande. Nyingine zinaacha madoa kwenye kibao cha plastiki ulichozipanga juu yake. Dawa yake ni kuweka kizuizi kati ya tairi na rimu, wengi wanazungushia karatasi nyembamba ya alumini yenye gundi, wengine wanapaka koti mbili za rangi, na alumini ndo ninayoiamini zaidi. Na ukinunua seti yoyote, yoyote ile, siku hiyo hiyo toa matairi uyaweke kwenye kimfuko chake cha nailoni ya kawaida, ile ya polithini, kwa sababu yenyewe haisumbuliwi na kilainishi.

Kwa watu wa malori jambo hili ni kubwa zaidi na sielewi kwa nini hawaongei. Gari dogo lina matairi manne, na la spea kama lipo. Kichwa cha lori chenye ekseli tatu kinabeba kumi, mawili mbele na manane nyuma, bado trela. Hayo yote yamerundikwa kwenye boksi moja na chasisi ndefu, vioo vikubwa vya kebini na vipande vya kromu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela uliza matatu: matairi yako kwenye mfuko wake peke yake? Vioo navyo? Na kalibu, yaani lile umbo la chuma la kumiminia plastiki, ni ya lini? Hilo la tatu watu hawaliulizi kabisa, wanadhani boksi jipya ni seti mpya. Kalibu ya chuma inaishi miongo, kampuni inaitoa, inabadilisha picha ya juu na stika, inauza tena, na wakati mwingine kampuni nyingine kabisa inakodi au inanunua hiyo kalibu inaiweka kwenye boksi lake. Ingia tovuti ya Scalemates, andika jina la seti, utaona historia yake yote, ilianza lini na imepita maboksi gani. Dakika mbili tu.

Haya, sasa mpangilio wangu wa kampuni.

Namba moja Tamiya, na siombi radhi. Hawa wako Shizuoka Japani, mkoa ambao pia ni wa kampuni za Hasegawa, Aoshima na Fujimi, lakini kwenye magari ya 1/24, yaani madogo mara 24 kuliko gari halisi, mi sijaona anayemfikia kwa mambo ninayoyajali. Matairi yao ya magari ni ya mpira sintetiki, vioo viko kwenye mfuko wake, na seti zao za miaka ya karibuni zinakuja na stika za kuziba vioo wakati wa kupuliza ile mipaka myeusi, hapo utazikata mwenyewe kwa kisu kikali lakini umbo limeshachorwa. Nembo na vioo vya pembeni wanaleta stika za chuma zinazong'aa, siyo kromu ya kuchubuka. Halafu vipande vinaingia. Yaani unajaribisha bila gundi na mwanya wa mwanga hauonekani, kioo kinakaa kwenye nafasi yake bila kusukuma, na hili linahusiana na kioo moja kwa moja, maana kioo kisichoingia vizuri ndo kinakufanya umwage gundi nyingi na kukiharibu kwa mkono wako.

Nitasema na upungufu wao. Seti zao nyingi za zamani hazina injini, kwa sababu zilitengenezwa ziwekwe mota ya betri, ukigeuza chini unaona chasisi bapa imeachiwa nafasi ya mota. Ukitaka injini kamili tafuta kama Enzo Ferrari au LaFerrari, hizo zimeshiba. Bei iko juu, najua, lakini mtu akiniuliza anunue seti mbili za hovyo au moja ya Tamiya jibu langu halijawahi kubadilika.

Namba mbili Italeri, na kwenye malori ndo namba moja kabisa. Hawa ni Waitaliano na malori ya Ulaya ya 1/24 ni uwanja wao, Scania, Volvo, MAN, DAF, Iveco, Mercedes. Injini ipo, kebini ina maisha ndani, na unaweza kuunga trela ya saizi hiyo hiyo. Uungaji wake siyo laini kama wa Tamiya, lazima nikubali, kuna kingo za kukwangua na kuna vipande utavipiga msasa mara mbili tatu. Kitu cha kuangalia ukifungua boksi ni zile reli mbili ndefu za chasisi, zitoe, zilaze juu ya kipande cha kioo cha dirishani uone kama zimepinda. Zikiwa zimepinda kidogo zinanyooka kwa maji ya moto kiasi, lakini usipoangalia mapema utamaliza lori lote halafu tairi moja linaning'inia hewani, na lori lenye tairi hewani linaudhi kulitazama. Unapounga chasisi iache ikauke juu ya hicho hicho kioo.

Na pima kabati kwanza. Gari la mita 4.5 kwenye 1/24 linatoka karibu sentimita 19. Kichwa cha lori na trela lake, ambavyo kwa sheria ya Ulaya kwa kawaida havizidi mita 16.5, kwenye 1/24 vinakaribia sentimita 69. Watu wananunua trela halafu linaishi juu ya friji.

Namba tatu nawaweka Hasegawa na Aoshima pamoja, ingawa hawafanani. Hasegawa ni msafi, magari ya zamani na ya rali, Lancia Delta, Lamborghini Miura, Toyota 2000GT, vioo vyembamba vinavyopendeza. Aoshima ana magari mengi ya Kijapani kuliko yeyote, ukitaka modeli fulani ya mwaka fulani yenye rimu fulani huyu ndo wako, na yale malori ya Kijapani yaliyopambwa mataa na michoro, dekotora, anayo kwenye 1/32. Ila kwa Aoshima kagua umri wa kalibu kuliko kwa mwingine yeyote kati ya Wajapani, kwa sababu mpya na za zamani zinakaa rafu moja na maboksi yanapendeza sawasawa.

Namba nne Revell. Hapa ndo Scalemates inalipa, kwa sababu ndani ya boksi la Revell unaweza kukuta kalibu mpya nzuri sana, ile VW T1 Samba ni kazi ya kweli na vioo vyake vyote vile, au ukakuta kalibu ya zamani ya Monogram, au ya kampuni nyingine kabisa. Wanaandika ngazi ya ugumu kwenye boksi kuanzia 1 hadi 5, na wasomaji wananiuliza sana kuhusu hizo ngazi. Ngazi inakwambia ugumu tu, haikwambii umri wala matairi ni ya nini.

Halafu Wamarekani wa 1/25. Moebius ni kampuni changa na kalibu zake ni mpya, International Lonestar na ProStar ni malori ya kununua kwa roho safi, na zile pikapu za Ford F-100 pia. AMT ni habari nyingine. Peterbilt 359, Kenworth W-925, hizi kalibu zina asili ya miaka ya 1970 hivi na kwa sasa ziko chini ya kampuni ya Round 2, wanazitoa upya na stika nzuri. Kama unapenda lori la pua ndefu la Kimarekani huna pa kukwepa AMT, na mi nazipenda, ila nunua toleo la karibuni. Boksi la AMT la miaka arobaini iliyopita ambalo halijafunguliwa, hilo ndilo hasa ninalotumiwa picha zake za vioo vilivyoliwa, na ndilo linalouzwa ghali kuliko yote. Kumbuka pia 1/25 na 1/24 hazilingani kabisa, gari lile lile la mita 4.5 linatoka sentimita 18, ukizipanga pamoja jicho linaona.

Za bei ya chini, zile za kubofya bila gundi wala rangi: zinafaa mtoto au jioni moja ya kupumzika. Aoshima wana za 1/32 ambazo plastiki yenyewe ina rangi tayari, na zimetulia. Zisizo na jina la kampuni ziache.

Sasa wauzaji. Hivi nani aliwaambia kwamba nailoni ya nje ni dhamana? Unamwomba mtu akufungulie uone kioo anakwambia ikifunguliwa inapoteza thamani. Thamani ya nini, kama kilichomo ndani kimeyeyuka? Unaomba picha ya vioo unatumiwa picha ya boksi, tena siyo boksi lake, ameitoa mtandaoni. Halafu ule wimbo wa "haitengenezwi tena", bei inapanda mara mbili mara tatu, mtu analipa kwa uchungu, mwakani kampuni inaitoa tena kalibu ile ile kwa bei ya kawaida. Kama muuzaji hataki kufungua wala kupiga picha ya vioo, mwachie boksi lake.

Na rangi jamani! Kopo za kupuliza za Tamiya zinazoanza na TS ndo za plastiki ya modeli. Zinazoanza na PS ni za bodi za polikaboneti, yale magari ya rimoti. Makopo yanafanana, na kuna wauzaji wanampa mtu PS bila kumwuliza anapaka nini. Soma herufi mwenyewe. Gundi nayo, ya vioo tumia nyeupe ya PVA au gundi maalum ya vioo, siyo supagluu, maana mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo kizima.

Kwa ambao kioo kimeshaliwa: alama ikiwa ya juu juu tumia msasa wa maji namba 2000, panda hadi 4000, malizia na dawa ya kung'arishia, kinarudi. Ikiwa imezama na ni dirisha bapa la kebini ya lori, kata jipya kutoka kwenye shiti nyembamba ya asetati, ile plastiki angavu. Kioo cha mbele kilichopinda hakikatiki hivyo, hicho ni cha kuagiza, na hapa tena ndo namrudia Tamiya, kwa sababu kwenye maelekezo yake kuna orodha ya vipande na namba zake za kuagizia spea. Andika namba ya seti na namba ya fremu ya vioo, ile vipande vinakuja vimeshikana nayo, na uagize fremu nzima.