Vidonge vya "kusafisha damu" nilivyomnunulia baba: uzoefu wangu

Nilivinunua hapa Moshi kwenye semina ya afya. Kopo moja shilingi 85,000, vidonge 60, viwili kwa siku. Nikachukua makopo mawili, maana baba yangu kule Kibosho amevuta sigara tangu ujana wake na kila asubuhi kikohozi kinamtesa.

Kilichonivuta ni ile glasi. Mwuzaji alidondoshea maji iodini ya kupaka vidonda, yakawa kama chai ya rangi. Akapasua kidonge, akamimina unga, akakoroga. Maji yakatakata tukiyaangalia. "Mama zangu, hivi ndivyo radikali huru zinavyotoka kwenye damu!" Ukumbi mzima makofi, na mimi nikiwemo.

Radikali huru zipo kweli. Ni molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo inampora jirani: mafuta ya utando wa seli, protini, hata DNA. Mwili huzizalisha wenyewe unapogeuza chakula kuwa nguvu, na moshi wa sigara huziongeza. Antioksidanti kama vitamini C na E huzipa elektroni zikatulia. Ila chembe nyeupe za damu nazo huzitumia kuua vijidudu, jambo ambalo kwenye semina halikutajwa kabisa.

Baba alimeza wiki tano. Kikohozi kilibaki vilevile, tena akaanza kuharisha. Nikaenda duka la dawa kutafuta chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na mfamasia, kijana mpole, akaomba kuliona kopo. Alilizungusha polepole, kidole kikasimama kwenye maandishi madogo: vitamini C miligramu 1,000 kwa kila kidonge. Viwili ni 2,000, kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima kwa siku, na tumbo huwa la kwanza kulalamika. Kidole kikashuka mstari mmoja. Beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, miligramu 20 kwa siku.

"Dada, mzee anavuta sigara?"

Akanieleza kwamba Finland waliwapa wanaume wavutaji beta-karotini kiasi hichohicho kila siku kwa miaka. Walikuwa zaidi ya 29,000, na matokeo yalitoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Marekani nako jaribio kama hilo, la dozi kubwa zaidi, lilisimamishwa mapema 1996 kwa sababu hiyohiyo. Miguu iliniishia nguvu. Nilikuwa nampa baba kwa mkono wangu, kila Jumapili namjazia kijisahani chake.

Jioni ile nilitia iodini kwenye maji, nikakamulia limau la uani. Yakatakata vilevile. Ni vitamini C tu inavyoibadilisha iodini rangi. Damu haihusiki hapo.

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu kopo lina maandishi yanayosomeka. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza mtumiaji ni nani, na kopo halina onyo lolote kwa mvutaji. Kama nyumbani kwako kuna anayevuta, tafuta neno beta-karotini kabla hujatoa pesa. Karoti na mnafu wa soko la Mbuyuni mpe bila wasiwasi, maana shida ni dozi kubwa ya vidonge, si chakula, na pera moja la wastani linatosha vitamini C ya siku nzima.

Kopo la pili wamekataa kulirudisha. Tumbo la baba limetulia, na Alhamisi nampeleka akapigwe picha ya kifua, kazi ambayo ile 170,000 ilipaswa kuifanya tangu mwanzo.