TAHADHARI: "Mafuta ya tandiko" yanayopitishwa mazizini Karen na Ngong ni oili chafu ya gari

Masaisi (watunza farasi) wenzangu na wenye farasi, nawaomba msome hadi mwisho, hasa wewe mwenye dumu la njano la lita 5 lililobandikwa karatasi yenye picha ya kichwa cha farasi.

Muuzaji huja kwa pikipiki. Huzunguka mazizi ya Karen hapa Nairobi, na siku za mbio utamkuta karibu na lango la uwanja wa Ngong. Ana maneno matamu. Anasema ni mafuta halisi ya miguu ya ng'ombe, ya kulainisha ngozi za matandiko, kutoka Uingereza, na dumu ni shilingi 4,500 tu kwa sababu ana mtu wake bandarini. Aprili, mvua zimeanza na ukungu unaota kwenye kila hatamu, nilimtumia pesa kwa M-Pesa nikachukua madumu mawili.

Wiki ya kwanza ngozi iling'aa kweli. Wiki ya tatu, mtoto wa miaka 11 anajifunza kupanda, farasi yuko mwendo wa mchakamchaka, ukanda wa kikuku (pale mpandaji anapokanyaga) ukaachia. Aliangukia mchangani, akaumia kiwiko. Namshukuru Mungu mguu wake haukunasa.

Nilipouokota ule ukanda, ngozi ilikuwa nzima. Kilichoachia ni mshono ulio karibu na bizimu (kifungio cha chuma). Nilichomoa uzi nikausugua kwa vidole, ukakatika vipandevipande huku ukiacha weusi kwenye kucha. Ukanda huo nimeutunza mimi mwenyewe miaka sita.

Nikamimina mafuta kiganjani nikayasugua hadi yakapata joto. Harufu ya mchaichai ikapotea, ikabaki ya mafuta ya taa. Jirani yangu ni fundi wa magari. Alidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, akaniambia tusubiri. Katikati pakabaki doa jeusi kama masizi, na duara la mafuta yasiyo na weusi likatambaa kulizunguka. Hivyo ndivyo mafundi wanavyotambua oili iliyokwisha kutumika kwenye injini. Kumbe ni oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa.

Uzi wa matandiko hupakwa nta ili jasho na maji visiingie. Mafuta ya taa huiyeyusha nta hiyo, kisha jasho la farasi, lenye chumvi, linaingia na kuuozesha uzi. Huwezi kuona kwa nje kwa sababu ngozi inang'aa. Buti zangu za kupandia nazo soli zimeanza kufunguka, maana gundi ya soli haivumilii mafuta ya taa. Na farasi jike mmoja amechubuka chini ya mshipi wa tumbo hadi manyoya yametoka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Nilimpigia muuzaji. Alisema nimeyapaka vibaya. Kesho yake namba haikupatikana tena, na nimesikia sasa anauza kwenye chupa ndogo, anayaita mafuta ya buti.

Mafuta ya kweli ya miguu ya ng'ombe yana rangi ya manjano hafifu na hayanuki petroli hata kidogo. Na hata hayo yapakwe kidogo, kwa kitambaa, kwa sababu yakizidi ngozi inalegea na kuvutika. Kazi kubwa ni sabuni ya gliserini: futa jasho kila baada ya kupanda kwa kitambaa chenye unyevu, sugua sabuni kwa sponji iliyokamuliwa sana (povu likijaa, maji yamezidi), anika kivulini mbali na jiko. Rangi ya viatu ni ya buti tu, tena upande wa nje. Ukiipaka upande wa ndani unaogusa farasi, mguu unateleza na tandiko linachafuka.

Aliyekwisha kuyapaka asimpandishe mtu farasi kesho asubuhi. Vua kanda za vikuku, hatamu na mshipi wa tumbo. Kunja kila mahali penye bizimu, vuta kwa nguvu zako zote, na uchokonoe mishono kwa ncha ya sindano. Uzi ukikatika au ukitoa unga, peleka kwa fundi ashone upya ukanda mzima, siyo kipande. Ngozi iliyobaki ioshwe kwa sabuni ya gliserini mara kadhaa, ikikauka kila mara. Na ukimwona mtu wa pikipiki mwenye madumu ya njano, mwambie adondoshe tone moja kwenye karatasi mbele yako.