Ukondakta wa treni za mizigo Marekani: mafunzo safi, ajira ndo tatizo

Kwa ndugu zangu mlioko Marekani mnaoulizia hii kazi, mafunzo nayapa nyota nne. Unalipwa huku unajifunza, kwanza darasani, halafu unatoka na kondakta mzoefu anakufundisha kugeuza swichi za reli, kuunganisha mabehewa, kukaza breki za mkono, na bila cheti cha ukondakta kinachotakiwa na sheria ya shirikisho huruhusiwi kufanya peke yako. Mwalimu wetu alikuwa mkali kweli kweli, huingii katikati ya mabehewa mpaka dereva akuthibitishie kwenye redio kwamba treni imezuiwa isisogee, na mpaka leo namshukuru sana.

Usalama wa ajira sasa, nyota mbili tu. Kila kitu kinaenda kwa tarehe uliyoajiriwa, mizigo ikipungua aliyeingia mwisho ndo anatangulia kurudishwa nyumbani, sisi wapya tumesimamishwa muda mfupi tu baada ya kufuzu na kwenye usaili hakuna aliyetuambia hilo, imeniuma sana. Malipo ya wasio na kazi ya Railroad Retirement Board, shirika la serikali ya Marekani la mafao ya wafanyakazi wa reli, yapo ila kodi ya nyumba hayatoshi. Kabla hujaacha kazi yako waulize watu wa chama cha wafanyakazi pale yadi ya treni wangapi wamesimamishwa mwaka huu.