Uzoefu wangu na Jetpack: plagini inapogoma kuungana

Natunza tovuti za nyumba za wageni Unguja na Pemba, na karibu zote nimezitia Jetpack, plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, programu ya kuundia tovuti. Takwimu zake zinasomeka hata kwenye simu, na tovuti ikizimika inatuma barua pepe. Kwa nyumba ya Wete inayopokea maombi ya vyumba kwa fomu, hiyo barua pepe peke yake inatosha kuifanya plagini hii iwe na thamani. Lakini haya hayaanzi mpaka iungane na akaunti ya WordPress.com, na hapo ndipo wengi hukwama.

Chake Chake likitokea kosa la muunganisho, wa kwanza kulaumiwa ni bando. Mtu atabadilisha laini, ataazima hotspoti ya jirani, atafuta plagini na kuiweka upya, na kosa liko pale pale. Wanaoshindwa kusikilizana ni seva yenye tovuti, ambayo huenda iko Ujerumani, na seva za WordPress.com. Kama dashibodi inafunguka, intaneti yako haina kosa.

Seva za WordPress.com huzungumza na tovuti yako kupitia faili liitwalo xmlrpc.php, kwa hiyo anza hivi: andika kwenye kivinjari anwani ya tovuti, kisha /xmlrpc.php. Jibu zuri ni “XML-RPC server accepts POST requests only.” Linatisha kwa sura, lakini maana yake faili lipo na linajibu. Ukipata 404, faili halipo au limefichwa. Ukipata 403, kuna kinacholizuia: plagini ya ulinzi, kanuni za ModSecurity (kichujio cha ulinzi) kwenye seva, au mistari ndani ya .htaccess (faili la mipangilio ya seva) inayoanza na <Files xmlrpc.php>. Jibu likiwa zuri na bado haliungani, nenda Zana, kisha Afya ya Tovuti. Jetpack huongeza vipimo vyake humo. Kivinjari chako kinaweza kuruhusiwa huku maombi yanayotoka Marekani yakikataliwa.

Kuna kosa jingine dogo linalosumbua sana: mstari mtupu juu ya <?php katika functions.php, faili la msimbo la thimu (muundo wa mwonekano wa tovuti). Kurasa zitaonekana salama, ila jibu la XML litatanguliwa na nafasi tupu, na XML haikubali kitu chochote kabla ya tamko lake. Futa mstari huo, hifadhi, jaribu tena.

Kampuni za kuhifadhi tovuti hulifunga xmlrpc.php kwa sababu wavamizi hulitumia kubahatisha maneno ya siri. Sababu yao ni ya kweli, kwa hiyo usiombe lifunguliwe kwa kila mtu. Omba waruhusu anwani za IP (namba za seva) za Automattic, wenye Jetpack, ikiwemo safu ya 192.0.64.0/18. Na ukiwaandikia, taja wakati kamili ulipojaribu, kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Saa 4 asubuhi yetu ni 10:00, na kwenye logi (kumbukumbu za seva) ya UTC itasomeka 07:00. Ukiandika “saa 4 asubuhi” tu, watatafuta 04:00, hawataona kitu, na watakujibu kuwa seva yao ni nzima.

Ujumbe wa kosa ukija na namba ya cURL, chombo ambacho seva hutumia kuwasiliana na seva nyingine, kazi inapungua. 6 ni jina la tovuti halikupatikana, tazama DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya seva. 28 ni muda kwisha bila jibu, mara nyingi faiawoli, ukuta wa ulinzi wa seva. 60 ni cheti cha SSL, kile cha https, hakikukubalika. Hizo tatu mpelekee mwenye seva kama zilivyo, bila kuzifupisha.

Hakikisha pia anwani mbili zilizo kwenye Mipangilio, Jumla, zinalingana: zote na https, na zote na www au zote bila ya www.

Ukinakili tovuti kwenda anwani mpya, Jetpack itaingia hali ya usalama na kukuuliza kama umehama au hii ni nakala ya majaribio. Soma kabla ya kubonyeza. Ukijibu umehama na kumbe ni nakala, takwimu za tovuti halisi zitahamia kwenye nakala.